Mate ya Alhamisi

Kama umeshika shavu sasa hivi, na unasoma ukurasa huu kwa jicho moja kwa sababu la pili limezibwa na uvimbe, weka karatasi chini uende hospitali. Utanikuta hapahapa ukirudi. Maneno yangu hayaozi. Taya linaoza, tena haraka kuliko samaki aliyeachwa juani.

Watu husema jino haliui. Mama yetu aliuawa na jino. Nilikuwa darasa la tano, kijijini kwetu Rorya, na ninachokumbuka ni shingo yake iliyonenepa mpaka kidevu kikapotea, na majirani waliokuja na majani ya kukanda huku wakiambizana kwamba ni jino tu, litapoa. Siku ya nne likapoa, na yeye akapoa nalo. Baba alikuwa ametangulia. Dada yangu Dorka, aliyekuwa ameshaanza kazi kwenye kiwanda cha nguo Mwanza, alikuja kunichukua pamoja na sanduku langu la bati, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenilea. Alinisomesha, alinisuka, alinichapa. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Kiwanda kilipopunguza watu, jina la Dorka lilibandikwa ukutani pamoja na mengine. Mumewe alikwisha kwenda kwenye machimbo ya dhahabu Geita na kunyamaza hukohuko. Alibaki na watoto wawili, na mimi. Ndipo mradi ukafika.

Walikuwa wamepanga nyumba Buzuruga, nyumba ya geti jeusi na jenereta uani. Wazungu wawili na madaktari wetu watatu walikuwa wakitafuta chanjo ya magonjwa ya kinywa, chanjo ambayo siku moja ingemfanya mtoto wa Kitanzania asijue usaha wa fizi ni nini. Walihitaji mtu wa kuwatafutia watu mtaani kwetu Mkuyuni, kuwaangalia wasipotee, na kuwakusanyia mate kila Alhamisi. Wakamchukua Dorka. Walimpa koti jeupe na boksi la barafu lenye mkanda wa kuvaa begani, na siku ya kwanza alipolivaa alisimama mlangoni kwetu kama aliyerudishiwa jina lake.

"Mama asingekufa," aliniambia. "Ingekuwepo hii, Mama asingekufa."

Nikawa wa kwanza kwenye orodha yake. Wakati ule nilikuwa napiga chapa kwenye duka la vifaa vya ofisi mjini, na Jumamosi nilikuwa na wenzangu wanne tukisomeana hadithi tulizoandika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa tayari kuamini chochote kilichosemwa kwa sauti nzuri. Kila mwezi tulidondoshewa matone chini ya ulimi. Nusu yetu tulipewa dawa na nusu tulipewa maji, na hakuna aliyejua yupo upande gani, hata Dorka. Kila Alhamisi asubuhi alikupa kipande cha nta, unatafuna mpaka mate yajae, unatema kwenye kichupa. Sharti lilikuwa moja. Usimeze vidonge vya kuua vijidudu, vya aina yoyote, bila mradi kujua. Ukimeza, mate yako yameharibika, na wewe unatolewa kwenye orodha.

Mara ya kwanza gego lilipouma ilikuwa Jumatatu, vuli ikiwa inakaribia na ziwa limejaa magugu kiasi kwamba ukiliangalia kutoka mlimani ungedhani ni shamba. Kufika jioni shavu lilikuwa limepanda. Nikamwambia Dorka kwamba kesho napita duka la dawa.

"Kununua nini?"

"Penisilini, dada. Unaliona shavu."

Aliweka chini sufuria aliyokuwa anasugua. "Akinyi, mdogo wangu. Ukimeza tu, wamekutoa."

"Si wanitoe."

"Wewe ungekuwa wa tatu mwezi huu. Wa tatu kwenye orodha yangu. Profesa, mkuu wa mradi, ameshaniuliza kama watu wa Mkuyuni ni watu au ni maji ya kwenye pakacha." Alinigeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akabonyeza shavu kwa kidole gumba kama anayepima papai. "Halijaiva. Sukutua na maji ya chumvi. Alhamisi nachukua mate yako, na dakika hiyohiyo nakupeleka mwenyewe hospitali. Ni siku mbili."

"Ni tatu."

"Leo imeshaisha."

Nilicheka. Ninaandika hili kwa uchungu, lakini nilicheka, kwa sababu alikuwa dada yangu na tulikuwa na kawaida ya kubishana hivyo. Na nilikubali. Hakunifunga kamba. Nilidhani nampa zawadi ndogo ya siku tatu, mimi niliyepewa naye miaka kumi na mitatu.

Jumanne nilipiga chapa barua za watu nikiwa nimejifunga kanga kichwani. Jumatano kinywa kilianza kujifunga. Asubuhi vidole viwili vilipita kati ya meno. Mchana kikapita kimoja. Jioni Dorka alijaribu kunilisha uji, kijiko kikagonga meno kama anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Nilimwona akikitazama kile kijiko, kisha akatazama kalenda ukutani.

"Kesho tu," akasema.

Alhamisi niliamka ulimi wangu ukiwa umesimama. Sijui niseme vipi vingine. Sakafu ya mdomo ilikuwa imevimba ikaubeba ulimi juu mpaka ukagusa paa, na mate hayakuweza kumezwa tena. Yalikuwa yanashuka yenyewe kidevuni, marefu, yana harufu ya kitu kilichokufa. Shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Nilikaa kitandani nimeinama mbele, kwa sababu nikilala hewa ilikataa kuingia. Dorka aliingia amevaa koti jeupe, boksi begani. Alinitazama. Aliona alichokiona kwa Mama. Najua aliona, kwa sababu aliweka mkono mdomoni.

Kisha alifungua boksi akatoa kichupa. Hakunipa nta, haikuhitajika. Alipiga magoti mbele yangu, akakinga kichupa chini ya kidevu changu, na tukasubiri kijae. Mate yalipofika kwenye alama, alifunga kifuniko, akaandika namba yangu, akakilaza kwenye barafu. Ndipo akatoka mbio kuita watu.

Nilipelekwa barabarani kwenye mkokoteni wa muuza ndizi, na barabarani tukapandishwa kwenye pikapu iliyokuwa imetoka kushusha sangara, sakafu yake bado imelowa maji ya barafu. Mapokezi palikuwa na benchi refu na watu wamelijaza, lakini wote walisogea. Hakuna aliyewaambia. Nawashukuru watu wa lile benchi mpaka leo. Daktari alikuja na tochi, akajaribu kunifungua kinywa, akaacha.

"Hili lina siku ngapi?"

"Limeanza jana, daktari," alisema Dorka.

Daktari alimwangalia kuanzia koti jeupe mpaka viatu. "Jana? Dada, hata nyanya haiozi hivi kwa siku moja."

Nilikuwa pale katikati yao, nasikia, na sina kinywa cha kusemea.

Nilipozinduka nilikuwa na tundu kooni. Hewa ilikuwa inaingia hapo, ikipita chini ya kinywa kama mtu anayetumia mlango wa uani baada ya ule wa mbele kubomolewa. Chini ya kidevu walinipasua sehemu mbili na kuacha mipira ya kutolea usaha. Magego mawili ya chini na jino la mbele yao yalikuwa yametolewa. Taya lilikuwa bado limejifunga na lingebaki hivyo kwa majuma. Sauti sikuwa nayo. Nilipewa daftari na kalamu.

Yapo mambo usiyoambiwa kuhusu wodi. Harufu yako utaisikia kabla ya kuwasikia wanaokuja kukuona, na utaona nyuso zao zikijikaza pale mlangoni ili zisikuumize. Utajitazama kwenye sinia la dawa kwa sababu hakuna kioo, na mtu utakayemwona hutampenda. Lakini pia zipo huruma ndogo. Ziwa lilipotoa wale wadudu wake, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi mweusi na kuingia kila dirisha, wodi nzima ilijifunika mashuka. Mimi tundu langu lilikuwa wazi. Sista mmoja wa zamu, mwanamke mfupi mwenye ukali wa kufoka, alilowesha kipande cha shashi akanifunika shingoni, akaketi ubavuni akikibadilisha kila kikijaa wadudu, huku akinigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyewaleta.

Juma la pili Bibi alifika kutoka Rorya. Ni mama yake baba, mwanamke wa Kijaluo wa zamani, na kinywani mwake meno sita ya mbele ya chini hayapo. Yaling'olewa alipokuwa msichana, kwa desturi. Baba yetu, aliyekuwa mwalimu, alikataa kabisa watoto wake wafanyiwe hivyo. Aliita ushenzi. Nilikua nikionea haya kinywa cha Bibi, na nilipokuwa shule niliwaambia wenzangu kwamba alianguka.

"Shikamoo Bibi," alisema Dorka.

"Marahaba." Hakumwangalia. Alikuwa ananitazama mimi. "Yawa! Nani amemfanyia hivi mtoto?" Kisha akainama, akanusa, wala hakujikaza uso. Akaingiza kidole chake chenye sugu ndani ya shavu langu, pole pole, mpaka akalipata pengo pale meno yalipotolewa. Akalizunguka kwa ncha ya kidole. Halafu akacheka.

"Baba yako alikimbiza wang'oaji na fimbo," akasema. "Akasema watoto wangu watakuwa na meno yote kama Wazungu. Haya. Leo nani amekung'oa?" Akanionyesha pengo lake mwenyewe, pana, la waridi. "Unajua kwa nini tuling'olewa? Wanawadanganya kwamba ni urembo. Ugonjwa wa kukaza taya ulipokuja, mtu alikufa kwa njaa na uji upo jikoni. Tukaacha mlango. Taya likifunga, uji una pa kupita."

Manesi walikuwa wananilisha kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, kwa haraka ya watu wenye wagonjwa arobaini. Bibi aliomba birika dogo la chai. Aliweka mdomo wa birika kwenye pengo, akainamisha kichwa changu upande, akamimina uji mwembamba wa ulezi uliotiwa maziwa. Ulipita. Ulikuwa wa moto na ulikuwa mtamu, na nililia bila sauti, hewa ikipiga mluzi kooni.

Sikwambii uchague desturi. Huyohuyo Bibi siku ya tatu alitaka kuchoma mbegu za ndulele chini ya kitanda ili moshi uwatoe funza wa meno, na sista mkali alimtoa wodini na kibiriti chake. Nasema tu kwamba bibi yangu alijua kinywa kinaweza kufunga, na alijua hakisubiri.

Siku hiyohiyo ya birika ndipo aliniuliza. Dorka alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda.

"Ilianza lini, nyathina?" Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. "Nani alikuona kwanza? Mbona mlikaa mpaka ikafika shingoni, ninyi mliomzika mama yenu?"

Nilichukua daftari. Niliandika: *Niliumwa tangu Jumatatu. Dorka alinizuia dawa. Alhamisi alikinga mate kwanza, ndipo akaita watu.* Niliandika vizuri, kwa herufi kubwa, kama ninayepiga chapa barua ya mteja. Nikampa Bibi. Bibi alilishika daftari kwa heshima, akaligeuza, kisha akampa mtu pekee aliyekuwepo wa kumsomea.

"Anasemaje?"

Dorka alisoma kimoyomoyo. Niliona macho yake yakifika mwisho wa mstari, yakarudi mwanzo, yakafika mwisho tena.

"Anasema," akameza mate. Mimi Alhamisi ile sikuweza kumeza, yeye alimeza. "Anasema anashukuru kwa uji. Anaomba maji."

"Maneno yote hayo, kuomba maji?"

"Anaandika kwa madaha, Bibi. Unamjua."

Bibi akanimiminia maji. Niliyanywa. Dorka alichana ile karatasi kwa uangalifu, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa koti. Ningeweza kuandika tena kesho yake, sista mkali akanisomea. Sikuandika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu la karibu ninalolipata ni kwamba ile kalamu na daftari alivinunua yeye.

Tundu la kooni lilizibwa kabla ya Krismasi. Nilidhani nimepona. Mfupa ulikuwa bado haujamaliza. Masika yote nilikuwa nikienda kusafishwa kidonda Jumatatu na Ijumaa, na vipande vya taya vilikuwa vikijitokeza vyenyewe chini ya kidevu, vyembamba, vya kijivu, kama ganda la kombe. Ukiwa kwenye hatua hiyo nakwambia mawili. Usivivute kwa mkono hata kama vinacheza. Na usikubali kukaa mwisho wa benchi kwa aibu ya harufu. Harufu ni ya ugonjwa, foleni ni yako. Kiangazi kilipofika mfupa ukanyamaza. Shavu la kushoto lilikuwa limezama, na kona ya mdomo inashuka hivi, kama mtu anayemdharau kila anayeongea naye. Mwenye duka aliniambia kwa upole kwamba wateja wanauliza. Wale wenzangu wa Jumamosi walikuja kuniona mara moja, wakasifu ujasiri wangu, na mmoja aliandika shairi kuhusu ujasiri huo. Sikualikwa kulisikiliza.

Mradi ulifungwa mwaka uliofuata. Tuliitwa wote Buzuruga, tukaketi uani chini ya turubai, tukapewa soda, fulana na mswaki kila mtu. Profesa alisimama akasema tumetoa mchango mkubwa kwa sayansi, kwamba matokeo yanatia moyo, kwamba chanjo ni safari ndefu na kazi sasa inaendelea kwingine. Mkalimani alipouliza kama kuna swali, nilisimama. Sauti yangu tangu lile tundu ni ya kukwaruza.

"Mimi nilidondoshewa dawa au maji?"

Walinong'onezana. Mkalimani akasema hiyo bado ni siri ya utafiti, itafunguliwa takwimu zote zitakapokamilika, na kila mmoja ataarifiwa. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Kwa uso huo, mama, ilikuwa maji." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa upande mmoja. Hatujaarifiwa.

Sitaki uondoke hapa ukisema chanjo ni uongo. Watoto wa Dorka walichanjwa surua wakaishi, na mimi nilizika wenzangu wa utotoni ambao hawakuchanjwa. Ikija kesho hiyo ya kinywa, nitakipanua changu kadiri kinavyopanuka. Ila mtu asikufundishe kuusubiri mwujiza wa kesho kwa kukunyima kidonge cha leo. Hata akiwa anakupenda. Hasa akiwa anakupenda, kwa sababu huyo utamsikiliza.

Dorka alirudisha koti na boksi. Sasa anakaanga mapanki Mkuyuni, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu ya kupeleka Ulaya. Jioni moja mwezi uliopita nilikwenda kumsaidia kufunga. Tulikuwa wawili tu, mafuta yanapoa, na nikamwuliza kitu ambacho nilikuwa nimekaa nacho miaka mitatu.

"Kile kichupa ulikipeleka?"

Hakuuliza kipi. Aliendelea kufuta karai.

"Nilikipeleka. Nilikuacha chumba cha upasuaji nikakipeleka Buzuruga kwa miguu, barafu isije ikayeyuka."

"Wakasemaje?"

"Walikikataa." Alikamua tambara. "Kilikuwa na damu na usaha. Wakasema mate machafu hawayapimi. Wakakimwaga kwenye sinki mbele yangu, wakakata mtu mmoja kwenye orodha yangu."

Nilingoja aombe radhi. Yeye, nadhani, alingoja nimtukane. Tulingojana mpaka taa za karabai za majirani zikaanza kuwashwa. Kisha akavuta sahani, akachagua panki lenye nyama nyingi, akaanza kuichambua kwa vidole, uzi kwa uzi, akipapasa kila kipande asije akaacha mwiba, kwa sababu anajua natafunia upande mmoja na upande huo umechoka. Akanisogezea.

Sijamsamehe. Nikala.